Reli Iliyotoboa Ukuta wa Nyumba Yangu

Asubuhi niliyoanza kazi ya reli nilimkuta mnyapara wa genge letu amelala kifudifudi juu ya kokoto, shavu lake kwenye chuma, jicho moja amelifumba. Nilidhani ameanguka kwa ugonjwa. Nikatupa kitita changu chini, nikakimbia kumwinua. Alinitazama kwa hasira.

“Wewe ndiye kibarua mpya kutoka kusini?”

“Ndiyo, bwana. Shikamoo.”

“Marahaba. Lala hapa kando yangu. Weka shavu. Unaona nini?”

Nikalala. Chuma kilikuwa bado na baridi ya alfajiri. “Naona reli,” nikasema.

“Kila mtu anaona reli. Tazama tena.”

Nikafumba jicho moja kama yeye. Mbele yetu, kiasi cha hatua hamsini, reli ya kulia ilikuwa imejipinda kidogo sana, kama mstari ulioandikwa na mtu aliyeguswa kiwiko. Nikamwambia. Akainuka, akajikung’uta vumbi, akaliandika jina langu katika daftari lake. Hivyo ndivyo nilivyopata kazi niliyoifanya mpaka mvi zikanijaa.

Mimi naitwa Barnaba, mzaliwa wa Makote, Newala. Nilisoma shule ya misheni Lulindi hadi nikaweza kuandika barua, kisha nikashuka Lindi, nikapanda meli mpaka Dar es Salaam, na reli ikanichukua bara. Vijana wengi huniuliza kazi ile ilikuwaje. Nitawaeleza, lakini nitawaeleza zaidi kuhusu reli ya mwisho niliyoijenga, ambayo haikuwa ya serikali na haikuzidi urefu wa nyumba yangu.

Katika genge, mali yetu kubwa ilikuwa fimbo ya kupimia. Reli mbili hukaa juu ya mataruma, yaani magogo au vyuma vinavyolazwa chini yake kwa upana, nazo lazima ziachane meta moja kamili. Ikizidi kidogo, gurudumu hutumbukia ndani. Ikipungua, gurudumu hupanda juu. Tulitembea na fimbo ile tangu jua linapochomoza, tukapima, tukagonga misumari, tukashindilia kokoto. Tulifunzwa pia kuacha nafasi ndogo kati ya reli na reli, kwa kuwa chuma hunenepa kwa jua la mchana. Mkaguzi wa Njia, Mwingereza mrefu aliyepita kwa toroli la kusukumwa, alikuwa akiingiza ukucha wake katika nafasi zile moja moja. Hakujua Kiswahili zaidi ya maneno machache. Ukucha ukiingia vizuri husema “Mzuri.” Usipoingia husema “Fungua,” na sisi tunaanza upya.

Baada ya miaka kadhaa nilihamishiwa Dodoma nikawa mtu wa pointi. Pointi ni pale njia moja inapogawanyika kuwa mbili. Kuna mkono wa chuma, unauvuta, reli zinasogea, na treni inakwenda kushoto badala ya kulia. Kazi hiyo inaonekana ndogo. Lakini watu wote waliomo ndani ya mabehewa, pamoja na watoto na kuku wao, wako mkononi mwako.

Kutoka Dodoma nilipelekwa katika stesheni ndogo upande wa Tabora, na hapo ndipo nilipofundishwa kazi hasa. Stesheni Masta wetu alikuwa Mgoa mfupi, mwenye miwani, aliyevaa koti jeupe hata siku ambazo hakuna treni. Njia ilikuwa moja, ya kwenda na kurudi. Kabla treni haijatoka kwetu, ilibidi tuipigie kengele stesheni ya mbele kwa waya na kuuliza kama njia ni tupu. Wakijibu kuwa ni tupu, Masta huandika cheti cha njia, na dereva hawezi kuondoka bila karatasi hiyo. Siku moja nilimwambia, “Bwana Masta, kwa nini tunauliza? Natazama mbele, sioni treni yoyote.”

Akavua miwani akaipangusa. “Barnaba, macho yako yanafika mpaka kwenye kona. Treni iko nyuma ya kona. Mwenzako wa stesheni ya pili ndiye macho yako. Humwoni, hakuoni, lakini mnaaminiana. Hiyo ndiyo reli. Chuma ni chuma tu.”

Mke wangu, Mama Agnesi, tulikaa naye katika stesheni ile miaka mingi. Nyumba yetu ilikuwa karibu na ofisi, na dirisha la jiko lilitazama kwenye pointi. Alilalamika kila siku. Moshi ulichafua nguo, kelele ziliwaamsha watoto, na majirani walikuwa wawili tu. “Nimeolewa na gari,” alikuwa akisema. Siku ya barua ya kustaafu ilipofika, aliimba tangu asubuhi, akafunga mizigo kabla sijamaliza kuisoma.

Tukarudi Makote. Tulijenga nyumba ya miti na udongo yenye vyumba vitatu na baraza refu, tukapalilia mikorosho ya marehemu baba, watu wakatukaribisha vizuri. Miezi ya kwanza nilifurahi. Baadaye nikaanza kuugua ugonjwa usiokuwa na dawa hospitalini. Nilikuwa naamka saa ya treni ya asubuhi, navaa viatu, halafu nasimama uani sijui pa kwenda. Watu wa kwetu walikuwa hawajaona treni. Nilipowasimulia, walinisikiliza kwa adabu tu. Bibi mmoja jirani, aliyekuwa akishuka bondeni kila siku kuteka maji kama wanawake wote wa huku juu, aliuliza gari hilo linakula nini.

“Linakula kuni, bibi. Na linakunywa maji.”

“Maji kiasi gani?”

“Tangi zima, kwa kila safari.”

Akashika kichwa. “Basi libaki huko huko liliko. Lisije likajua njia ya Newala.”

Siku hiyo nilichora reli mchangani ili aelewe. Nikachora pointi, nikachora stesheni. Nilipoinua kichwa jua lilikuwa limekwisha kuinama na bibi alikuwa amekwenda zake zamani. Nikajua dawa ya ugonjwa wangu.

Nilianza na njia. Makasha ya bidhaa yanayokuja madukani Newala hufungwa kwa mikanda membamba ya chuma, na wenye maduka huitupa. Niliikusanya, nikaitandaza kwa nyundo. Nilikata mataruma kwa miti, kila moja urefu wa kiganja, nikalipasua mifereji miwili kwa msumeno na kuusimamisha mkanda humo kwa ubavu wake. Nikajitengenezea fimbo ya kupimia kutoka kwenye kipande cha bati, upana wa vidole vinne. Nililala kifudifudi sakafuni na jicho moja nimelifumba. Mama Agnesi alipita mlangoni na ungo wake, akasimama, akatazama, akaenda zake bila kusema neno. Kunyamaza kwake huwa kunanitisha kuliko maneno.

Injini ya kwanza niliiunda kwa mbao za kasha la chai. Ndani yake nilihitaji kitu cha kuisukuma. Katika sanduku letu kulikuwa na gramafoni niliyomnunulia mke wangu Tabora, iliyovunjika mkono wa sindano safarini wala haikulia tena tangu hapo. Nikaifungua nikatoa mtambo wake, ule wa spiringi inayojazwa kwa ufunguo. Niliunganisha na magurudumu, nikajaza, nikaachia. Magurudumu yalizunguka kwa kasi kama mwendawazimu, lakini injini ilibaki palepale.

Rafiki yangu Chilemba, mchongaji wa vinyago tuliyetahiriwa naye mwaka mmoja, alikuwa ameketi mlangoni akicheka mpaka machozi. Akainyanyua injini kwa vidole viwili.

“Hii nyepesi kama kifuu. Itashikaje chini?”

“Nyepesi ndiyo itakwenda upesi.”

“Na hizo za kweli, ni nyepesi?”

Miaka yote ile nilikuwa nimewasikia madereva wakisema kuwa uzito wa injini ndio unaoyabana magurudumu kwenye reli, na mtu asiyewahi kuona treni ndiye aliyenikumbusha. Chilemba akaenda na mtambo wangu. Alirudi baada ya wiki mbili na injini ya mpingo mtupu, nyeusi, ina bomba la moshi, ina chumba cha dereva, na magurudumu yenye ukingo ule mdogo wa ndani unaoyazuia yasitoke njiani. Pembeni alikuwa amechonga watu wadogo wanapandiana mabegani, kama wachongaji wa Kimakonde wafanyavyo.

“Hawa ni nani?” nikamwuliza.

“Abiria waliokosa nafasi,” akasema.

Injini ile ilikamata njia. Ilivuta mabehewa matano. Nilipiga kelele, Chilemba akapiga kelele, na Mama Agnesi akaja mbio akidhani kuna nyoka. Akaiona injini. Akaona pia sanduku la gramafoni liko wazi na tupu.

“Baba Agnesi. Kile si kitu changu?”

“Kilikuwa kimevunjika, mama.”

“Kimevunjika, lakini ni changu. Uliniuliza?”

Chilemba akakumbuka ghafla kwamba ana kazi nyumbani kwake.

Ningekuwa na akili ningetulia hapo. Lakini kulikuwa na jambo lililonisumbua. Treni ilizunguka chumbani, ikatoka stesheni na kurudi stesheni ileile, na ukisimama katikati uliona kila kitu. Hiyo haikuwa reli niliyoijua. Nilitaka stesheni mbili zisizoonana. Kwa hiyo siku Mama Agnesi alipokwenda kanisani kwenye umoja wa akina mama, nilichukua shoka dogo nikatoboa ukuta kati ya chumba na baraza, tundu la kupitisha kichwa cha mbuzi. Njia ikagawanyika kwa pointi, ikatoka nje, ikapita barazani, ikafika stesheni ya pili. Nilizipa majina. Stesheni ya chumbani ni Makote, ya barazani ni Chilangala. Nikafunga kengele ya baiskeli kila upande na kamba ya katani kupitia tundu dogo, ukivuta huku, inalia kule.

Aliporudi alisimama barazani na vazi lake jeupe la kanisani, akautazama ukuta.

“Umetoboa nyumba.”

“Ni kwa sababu ya stesheni ya pili, mama. Bila ukuta hakuna haja ya kengele. Na bila kengele...”

“Umetoboa nyumba,” akarudia, akaingia jikoni. Siku tatu niliongeleshwa kwa mambo ya chakula tu.

Siku ya nne nilikuwa chumbani peke yangu. Nilipiga kengele ya kuuliza njia, mara mbili, nikajiandaa kuinuka nizunguke barazani nijijibu mwenyewe kama nilivyozoea. Kabla sijasimama kengele yangu ikalia. Mara mbili, kisha moja peke yake. Hilo lilikuwa jibu kamili: njia ni tupu, lete treni. Nilichungulia kwenye tundu. Mama Agnesi alikuwa ameketi kwenye mkeka barazani, anachambua kunde, kamba ameishika kwa vidole vya mguu.

“Umejuaje alama hizo?” nikamwuliza kupitia ukutani.

“Miaka mingapi nimepikia kengele zile? Ya kwanza naweka maji jikoni, ya pili natia unga. Ungekula nini kama nisingezijua? Haya, lete treni, bwana, usitucheleweshee abiria.”

Tangu siku hiyo tulifanya kazi wawili. Nilikuwa nimeishi naye muda wote ule kando ya reli bila kujua kwamba pale jikoni alikuwa anaisoma kazi yangu kama mtu anavyosoma kitabu kupitia bega la mwenzake. Watu walianza kuja kutoka Makote yote kutazama, na wengine kutoka Chilangala yenyewe, waliofurahi kusikia kuwa kijiji chao kina stesheni.

Ndipo habari zikafika kwamba reli ya kweli, ile inayotoka pwani ya Mtwara, inaletwa mpaka Masasi. Mkwe wangu Luka, mume wa binti yetu Agnesi, alikuwa anajiandaa kwenda kukata mkonge kaskazini kama vijana wengi wa huku. Mtu akienda mkonge anaweza kurudi baada ya miaka miwili au asirudi. Agnesi alikuwa na mtoto mchanga. Mama yake aliniambia, “Ulisema reli inahitaji watu. Na huyu ni mtu.”

Nilishuka na Luka mpaka Masasi kwa lori. Kwenye kibanda kilichokuwa ofisi tulimkuta Stesheni Masta mpya, kijana wa Kihindi, amechoka, karatasi zimemzunguka. Nje walikuwa wameketi vijana watano wa Newala na Masasi, wote wamekataliwa.

“Mzee, hawa siwezi,” akaniambia baada ya kumweleza mimi ni nani. “Nawauliza swali moja, wananitazama tu. Hawajawahi kuona pointi. Nitaagiza watu kutoka Reli ya Kati.”

“Umewauliza kwa lugha gani, bwana?”

“Kiswahili. Na majina ya vitu kwa Kiingereza, kama yalivyo kitabuni.”

“Hawa nyumbani wanasema Kimakonde na Kiyao, bwana. Kiswahili wanacho, lakini hayo ya kitabuni hawajakutana nayo. Nipe siku kumi. Nyumbani kwangu nina reli.”

“Una nini?”

Nikamweleza. Alipokuja kuelewa kwamba injini ni ya mpingo na inaendeshwa na gramafoni, alicheka, lakini si kwa dharau. Alikuwa mtu aliyekosa kucheka muda mrefu. “Siku kumi,” akasema. “Nitakuja mwenyewe. Wakishindwa, mzee, sitaki kusikia tena habari hii.”

Wote sita nikawapandisha Makote. Wakalala kwa Chilemba na kwa majirani. Siku ya kwanza niliwalaza kifudifudi. Siku ya pili niliwafundisha pointi. Siku ya tatu homa ikanipiga. Nilitetemeka mpaka kitanda kikalia, na nilipojaribu kusimama miguu ilikataa. Nililala nikihesabu siku zilizobaki, nikaona aibu inanijia, yangu na ya wale vijana.

Nikiwa chini ya mablanketi nikasikia filimbi. Kisha sauti ya mke wangu kutoka barazani, kwa Kimakonde, kali kama ya mwalimu wa misheni.

“Nani amefungua pointi kabla ya kupata jibu? Wewe? Umeshaua watu wangapi? Rudisha. Anza upya.”

Shida ilikuwa Luka. Kwetu mkwe hamkaribii mama mkwe, hakai naye mahali pamoja, hamtazami usoni. Atafundishwaje? Hapo tundu langu la ukutani lilipata heshima. Luka alikaa chumbani, stesheni ya Makote. Mama Agnesi alikaa barazani, stesheni ya Chilangala. Hawakuonana hata mara moja. Walisemezana kwa kengele tu, na kwa cheti cha njia alichokituma mke wangu juu ya behewa la mwisho, kimeandikwa kwa mwandiko wake wa duara. Nililala katikati nikisikiliza. Kengele mbili. Kimya. Mbili, kisha moja. Magurudumu ya mpingo yakipita. Baada ya siku chache niliweza kujua kwa kusikia tu kwamba Luka ameacha kukisia. Alikuwa anangoja.

Wale wengine Mama Agnesi aliwafundisha kwa lugha zao. Alimweleza Myao mmoja habari ya bendera kwa Kiyao, maana mama yake mzazi alitoka Masasi na lugha hiyo aliijua tangu utoto. Nyekundu simama, kijani pita. Walipokosea aliwapeleka kuteka maji bondeni pamoja na wanawake. Hakuna aliyekosea mara mbili.

Siku ya kumi Stesheni Masta alifika na gari lake limejaa vumbi jekundu. Mimi nilikuwa nimeweza kukaa kitini, nimejifunga shuka. Akamwuliza Chilemba mwalimu yuko wapi, Chilemba akamwonyesha mke wangu aliyekuwa amevaa filimbi shingoni. Masta alimtazama, akanitazama, mwisho akavua kofia.

Aliwapima mmoja mmoja, na hawa waliomtazama tu kule Masasi sasa walimjibu kabla hajamaliza swali. Luka alikuwa wa mwisho. Treni ilikwisha kutoka Makote, imo ukutani, haijafika barazani. Masta akainama chumbani karibu na Luka.

“Haya, nina treni ya pili hapa. Bwana Mkubwa wa Mkoa yumo ndani, ana haraka. Mpe njia.”

Luka akavuta kengele kuuliza. Jibu halikuja. Akakaa.

“Nimesema mpe njia.”

“Njia ina treni, bwana.”

“Iko wapi? Mimi siioni. Wewe unaiona?”

“Siioni, bwana.”

“Basi fungua. Mimi ndiye Stesheni Masta. Ni amri.”

Niliona jasho likishuka shingoni kwa Luka. Kazi yote ilikuwa mkononi mwa mtu yule, na nyuma ya kazi kulikuwa na mkonge, na Agnesi, na mtoto. Akaiweka mikono yake juu ya magoti.

“Siwezi, bwana,” akasema. “Mama hajajibu.”

Kutoka barazani, kwa upole, kengele ikalia mara mbili, kisha moja. Treni ilikuwa imefika. Luka akavuta mkono wa pointi, na Masta akaketi sakafuni na suruali yake nyeupe akicheka kwa sauti, akampiga Luka begani. “Huyu nampeleka pointi za Masasi. Hawa wengine wote nawachukua. Na mzee, yule mama angekuwa mwanamume, ningerudi kwetu nikalala.”

“Usirudi, bwana,” Mama Agnesi akasema kutoka upande wa pili wa ukuta. “Kwanza ule.” Alimpa wali wa nazi na kuku, na Masta akala mpaka akafungua kishikizo cha suruali.

Treni ya kwanza ilipoingia Masasi tulikuwepo. Watu walikuwa wamefurika, wengine juu ya miti, ngoma za kila kabila zinalia kwa pamoja kiasi kwamba hukuweza kufuata hata moja. Injini ilitokea mbali, inapuliza, na wale walio mbele wakarudi nyuma na wale walio nyuma wakasukuma mbele. Bibi jirani yetu, tuliyempakia kwenye lori kwa ubishi, alitazama maji yakimiminwa tangini na kuhesabu madebe kwa sauti ya uchungu, kisha mluzi ulipolia alinikumbatia na kucheka kama msichana. Umati wote ulitazama injini. Mimi na Mama Agnesi hatukuitazama. Tulikuwa tumesimama kando, tunamtazama mtu mmoja aliyevaa kofia mpya, mkono wake kwenye chuma, akingoja. Alipouvuta, alivuta mara moja tu, na mabehewa yote yakapita salama. Mama Agnesi akatoa pumzi.

“Kafanya vizuri,” akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akimsifu mtu wa reli.

Sasa Luka ana mwaka wa pili pale, na Agnesi amepata mtoto mwingine. Vijana mnaponiuliza kustaafu kukoje, wengi mnategemea niwaambie kuhusu kupumzika. Nimejaribu kupumzika, hakukunifaa. Mtu aliyefanya kazi maisha yake yote haachi kuipenda kwa sababu ya barua. Lakini nimegundua kwamba nilipokuwa kazini niliijua kazi peke yake. Nilikuwa na haraka, nilikuwa na wakubwa, sikuwahi kugeuza kichwa nione nani mwingine anaijua. Ilinibidi niijenge tena kwa ukubwa wa chumba ndipo nikamwona mwenzangu aliyekuwa nayo muda wote.

Nikimaliza kuandika haya nitakwenda kulala kifudifudi. Mvua za juzi zimevimbisha mataruma karibu na ukuta, njia imejipinda kidogo, na Stesheni Masta wa Chilangala ameniletea malalamiko kwa mwandiko wake wa duara.